Kwa Nini Sikati Simu

Marangu

Aikande mjukuu wangu,

Marahaba, shikamoo yako ya Jumapili nimeipokea. Sisi tupo. Bibi yako anasumbuliwa na magoti, ng'ombe amezaa dume, na kahawa ya mwaka huu si ya kusimulia.

Uliniuliza kwa nini tukiongea sikati simu mpaka ukate wewe.

Nilipokuwa nafanya kazi katika kampuni ya simu mjini Moshi, sheria ilikataza watu kuzungumza kwa intaneti, kwa sababu simu za nje zilikuwa biashara yetu. Siku moja nikatumwa kwenye duka la intaneti kukamata vifaa. Nikamkuta mama mmoja wa huku mlimani, kikapu cha ndizi miguuni, anaongea Kichagga na mwanawe aliyeko Ulaya kupitia kompyuta. Alipoona sare yangu hakuogopa. Alinivalisha hedifoni zake, akasema, "Baba, msalimie mwanangu."

Nikamsalimia. Mwanawe akanipa shikamoo. Kisha nikachomoa waya, kama nilivyoagizwa.

Mama akaniuliza taratibu, "Mbona sijamaliza?"

Baadaye sheria ikabadilishwa, ikaruhusu. Sisi tukapunguzwa kazini, na leo unanipigia kwa njia ile ile niliyotumwa kuifunga. Sina kinyongo, nimechoka tu. Ila yule mama sikumwona tena, wala sijui alikuwa amebakiza neno gani.

Kwa hiyo Jumapili ukimaliza, kata wewe.

Babu yako