Sikukutaja Jina, Mama Atu

Hii nimeinakili kutoka kwenye daftari langu la Guangzhou. Sijabadilisha neno.

Jumatatu, Machi 1998

Rasharasha tangu alfajiri, na kuta za chumba zinatoka jasho kama kawaida ya mwezi huu. Blauzi niliyoifua Ijumaa bado mbichi. Nina hasira. Acha niandike hivyo hivyo: nina hasira na mtu wa Mungu.

Mchungaji Ambakisye kanisaliti.

Tunatoka Mbeya wote wawili, kanisa moja. Yeye alikuja kusomea kilimo chuoni hapa; mimi huja kununua nguo za jumla soko la Shahe, nikakaa miezi mitatu minne. Sijaona Mtanzania anayemjua asiyempenda. Mtu akilazwa, yeye ndiye anayeshinda hospitali kwenye kiti cha plastiki. Hata Waislamu wa Zanzibar wakigombania nafasi kwenye kontena humwita awaamue. Na familia yake! Huwezi kunywa naye chai bila kusikia habari za Mama Tumaini na watoto watatu aliowaacha nyumbani, mdogo akiwa na miezi minne.

Jumapili tunasali chumbani kwangu, karibu na barabara ya Huanshi Zhonglu, wengine wamekalia mabelo ya nguo. Kazi yangu ni kurekodi mahubiri. Jumatatu natoa nakala tatu kwa redio yangu ya deki mbili, na yeyote anayerudi nyumbani anazibeba. Mbeya wanazisikiliza kanisani baada ya ibada, kwenye spika.

Anayefunga spika hizo na kubonyeza kitufe ni mume wangu, Baba Atu.

Sasa siri yenyewe. Krismasi nilipokwenda nyumbani, Atu wangu wa miaka mitatu alijificha nyuma ya kanga ya wifi yangu. Akamwita yeye mama. Siku ya kwanza nililia. Siku ya pili nikagundua nataka kuondoka. Nikamwambia Baba Atu kuwa mzigo umekwama bandarini Huangpu na lazima niwahi. Hakukuwa na mzigo uliokwama. Nilikimbia, na ndege ilipopaa nikajisikia mwepesi.

Wiki mbili zilizopita nilimweleza Mchungaji yote. Sikuwa nimemwambia mtu mwingine. Aliniombea, akasema, "Limeishia hapa, Mama Atu."

Jana akasimama kuhubiri juu ya wazazi walio mbali. "Yuko mama mmoja, simtaji," akasema. Kisha akataja kanga ya shangazi. Akataja miaka mitatu. Akataja Huangpu! Watu wakaguna kwa huruma, mmoja akasema amina, na mimi nimeinama pale kwenye redio, kidole karibu na kitufe, narekodi aibu yangu mwenyewe.

Sikuizima redio. Hadi sasa sijui kwa nini.

Baada ya ibada nilimvuta kwenye korido. Alikuwa na sahani ya wali wangu mkononi.

"Mchungaji, ile ilikuwa habari yangu."

"Lakini sikukutaja jina, Mama Atu. Na umeona watu walivyobarikiwa."

Akanitazama kwa upole uleule wa siku zote. Ningefurahi kama angegomba. Alirudi ndani akaongeza wali.

Leo asubuhi nikaanza kunakili. Kuiruka sehemu ile ni rahisi, unasimamisha deki moja, unaacha nyingine ipite. Nimefanya hivyo mara tatu. Halafu nikaifuta na kwenye kanda yenyewe niliyorekodia jana. Haikunitosha. Upande wa pili wa kanda ndipo anapowasalimu watoto wake kila wiki, na Mama Tumaini huwakusanya kusikiliza. Nikasema nitaufuta huo nao, aone kitu cha mtu kinavyochezewa.

Nikausikiliza kwanza. Alimwuliza Lusajo, wa katikati, saba mara nane ni ngapi. Akanyamaza. Huwa ananyamaza hivyo ili mtoto ajibu kule, halafu anasema, "Vizuri, baba." Akamsalimu Tumaini. Akakohoa. Kisha kwa sauti ndogo: "Mama Tumaini, Neema ukimwekea sauti yangu, anajua ni nani?"

Neema ndiye yule mdogo, aliyemwacha na miezi minne. Nikarudisha nyuma, nikasikiliza tena.

Kumbe alikuwa na habari yake. Alikuwa nayo nzima, ya mtoto wake mwenyewe asiyemjua, na angeweza kusimama jana akaisimulia. Akachukua yangu. Hilo limeniuma kuliko lile la kwanza, na papo hapo nikamwonea huruma, na huruma ikanizidishia hasira. Bado nampenda mzee huyu. Siri zangu hapati tena.

Salamu zake sikuzigusa.

Nilidhani nitapumua. Uongo wangu umebaki salama, Mbeya hakuna atakayesikia. Mbona basi sikupumua? Niliyemdanganya Baba Atu ni mimi. Mchungaji hakunifundisha.

Saa sita Bwana Salum wa Kariakoo akagonga mlango. Ndiye anayesafiri leo. "Dada, leta mzigo wa injili! Laoban, bosi wa kago, kanuna kule, kila nikimwomba anisubiri, mei you, mei you, hamna tu!"

"Nipe dakika kumi," nikamwambia. "Keti, chai ipo kwenye chupa."

Nikachukua redio, nikajifungia bafuni, nikaweka kanda mpya, ya nne ya kubebwa na Salum. Maji yanadondoka kwenye vigae. Nikabonyeza kitufe chekundu. Kisha nikasema:

"Baba Atu, ni mimi. Hii usiiweke kwenye spika."