Kopo la Unga Mweusi

Soppeng,
baada ya mavuno

Kwako Dada Murni,

Asalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na mwanangu Fitri, ambaye nasikia ameshaota meno ya mbele na anamng'ata kila anayemchekea. Sisi huku hatujambo kwa uwezo wake Mola. Mama magoti yanamsumbua mvua ikikaribia, ila ulimi wake haujaugua hata siku moja. Mpunga umeingia ghalani, na bata wa jirani wamekula fungu lao kama kila mwaka. Bibi Indo Sakka anakusalimu, lakini salamu zake nitakupa mwishoni, kwa kuwa si za kawaida.

Utajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ungenikatiza, Dada. Wewe ni mkubwa, nami nimelelewa kunyamaza mkubwa akisema, kwa hiyo leo nimeona bora nikae na karatasi nimalize yote niliyo nayo.

Unaikumbuka siku ndugu za Baso walipoleta posa. Shangazi yake alinikazia macho mashavuni, kwenye yale madoa ya chunusi, kisha akauliza mbele ya watu wote, "Huyu mwali wenu alinyeshewa mvua ya mawe, au?" Watu wakacheka, nami nikacheka, maana ningefanyaje? Wewe hukucheka. Ulinivuta jikoni ukanifuta machozi kwa pindo la saruni yako, ukanikanya nisithubutu kugusa krimu za mjini, kwamba huko Makassar umeona wasichana waliobabuka mpaka wanaona haya kutoka nje. Ukasema dawa ni unga mweusi wa Bibi: mchele uliokaangwa hadi ukaungua, ukatwangwa na viungo, ukakorogwa kwa maji ya ndimu, kama walivyojipaka mabibi harusi wote wa ukoo wetu.

"Ngozi haikimbizwi, Nida," uliniambia. "Wewe paka, osha, ngoja."

Basi nikapaka, nikaosha, nikangoja. Asubuhi nikikaa barazani uso mweusi tititi, Haji Mardiana wa jirani alikuwa akinipigia kelele kutoka uani kwake, akitaka kujua leo nimebusu sufuria gani. Uso wenyewe haukusogea. Msimu wa kupandikiza ukapita, mpunga ukainuka, na madoa yangu yakakaa palepale kana kwamba yamejenga. Mgongoni nilikuwa nayo pia, lakini huko mikono yangu haifiki, kwa hiyo Bibi ndiye aliyenisugua jioni kwa unga wa bakuli lake mwenyewe. Wala hakusema unasaidia wala hausaidii. Alisugua tu, huku akinisimulia ugomvi wa watu waliokwisha kufa zamani.

Kila Ijumaa ulinipigia simu kunitia moyo. Mara moja nilikuambia nataka kulitupa kopo langu la unga mtoni, nikalia kama mtoto. Ukanikumbusha kwamba mvumilivu hula mbivu, ukanituliza mpaka nikarudi kwenye kopo langu. Nilikuamini, Dada. Hakuna mtu niliyemwamini kuliko wewe, hata Mama.

Kisha Idi ikafika ukaja nyumbani. Tulifunga burasa pamoja, ule wali wa nazi wa kwenye majani ya mgomba, tukacheka, ukanisuka nywele. Ulipoondoka tu, uso wangu ukaanza kung'aa. Madoa yakafifia, mashavu yakawa meupe kama yai lililomenywa. Haji Mardiana akaacha utani wake. Wasichana wakaanza kuja kuniuliza siri, nami nikawajibu kwa kiburi kwamba hakuna siri ila subira. Wati, binti wa Mjomba Lauddin, alipaka unga uleule wa Bibi akanilalamikia kwamba yeye haoni kitu. Nilimwambia moyo wake mwepesi, ndiyo maana. Aliondoka analia.

Tulipoanika mpunga nilishinda juani kama wengine wote. Jioni uso ukawaka moto. Kesho yake ukawa mwekundu, ukavimba, halafu ngozi ikaanza kutoka vipande vipande. Mama alisema ni jua. Bibi alichukua kopo langu, akatia vidole, akausugua ule unga kati ya kidole na kidole. Unga wake hukwaruza kama mchanga, na huu uliteleza kama mafuta. Akaunusa, akamwita Mama, akamuuliza mara moja tu.

Mama alikaa chini pale pale kwenye ngazi. Akaeleza kwamba usiku wa kuamkia safari yako alikuona ukichanganya krimu kwenye kopo langu, na badala ya kukuzuia akakubali umwachie nyingine, ili kila nilipojaza unga, yeye aongeze. Weusi ule unaficha kila kitu, kwa hiyo nisingeona. Alikutetea sana. Alisema ulinionea huruma, harusi inakaribia na uso hauendi, na lile neno la shangazi yake Baso lilikuwa halijakutoka moyoni.

Dada, mmenisaliti. Nimelitafuta neno jingine lililo laini zaidi nikalikosa. Krimu ile ile uliyonikataza kuigusa, ukanipaka kwa mikono yangu mwenyewe. Laiti ungeniuliza, pengine ningekubali, na uso ungeungua kwa hiari yangu. Lakini kinachoniuma kuliko ngozi ni zile Ijumaa za baada ya Idi, uliponiambia kwa sauti ya furaha, "Umeona sasa matunda ya subira?" Ulijua unachokisema, nami nikakushukuru. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi hiyo nguo ndiyo niliyojifunika.

Sasa nikuambie jambo usilolijua, wala Mama halijui. Bibi alipomaliza na Mama, alinipeleka chumbani, akanivua blauzi, akaugeuza mgongo wangu kwenye kioo cha kabati na kunipa kile kioo kidogo cha mkononi. Nikatazama. Dada, mgongo wangu umetakata. Hakuna doa. Huko hakukufika mkono wako wala wa Mama, ni unga mtupu wa Bibi, jioni baada ya jioni, mahali nisipoweza kujiona. Uliyoniambia jikoni siku ile yalikuwa kweli tupu. Ni wewe tu ambaye hukuyaamini.

Nilimwita Wati nikamwonyesha uso, kisha nikamwonyesha mgongo, nikamwomba radhi. Baso naye nimemwambia yote. Aliuliza kama panauma. Nikamwambia panauma. Harusi iko palepale, na nitakaa mbele ya watu na uso nilio nao.

Usiku wa kupakwa hina, nafasi ya dada mkubwa ni yako na sitampa mtu mwingine. Njoo. Nitakukunjulia viganja vyangu mbele ya watu wote, unipake kama ilivyo desturi. Usoni usiniguse.

Salamu za Bibi ni hizi: ukifika, upitie kwanza kisimani unawe mikono, ndipo upande ngazi.

Msalimie shemeji, na Fitri mbusu kwa niaba yangu, hata aking'ata. Mama amenisihi nisikuandikie haya, kwa hiyo ukimpigia simu, zungumzeni habari za magoti yake.

Ni mimi mdogo wako, ambaye bado anapaka, anaosha, anangoja,

Hasnidar