Neno Moja la Kifaransa Nililomfundisha Anselme

Jumamosi, mtaani Katoyi. Mvua imeanza alfajiri na haijachoka, maji ya paa yanaingia pipani yakiwa meusi kwa majivu ya mlima wa moto. Leo sina hamu ya kuongea na mtu, ndiyo maana naandika.

Nieleze kwanza mchezo wenyewe, maana hata mume wangu anadhani ni kamari. Kaka yangu anaishi Amerika, na huko amependa besiboli. Akatukusanya ndugu na binamu, watu wanane, kwenye ligi ya simu: kila mmoja anachagua wachezaji wa kweli, na wakicheza vizuri kule, yeye anapata alama huku. Wanacheza sisi tumelala, matokeo tunayakuta asubuhi na chai. Msimu ukiisha, wa mwisho anatoka. Kaka hapigi simu tena siku hizi, anaandika kwenye ligi tu. Ukitolewa pale, umemkosa kaka.

Mwaka jana niliponea chupuchupu. Kwa hiyo mwaka huu nafasi ya nane ilipobaki wazi, nilimpendekeza Anselme, mdogo wa mume wangu. Alikimbia vita Masisi, akaishi kambini Kanyaruchinya chini ya hema, na hema zilipong'olewa akaja kulala sebuleni kwetu. Wote wakasema nina moyo mzuri.

Nilihitaji mtu wa kukaa chini yangu.

Siri ya mchezo huu ni warushaji, wale wanaomrushia mpigaji mpira. Anayeanza mechi anarusha muda mrefu na kukuletea alama nyingi. Wengi wanaoingia mwishoni wanaokota makombo. Simu zetu zinaandika Kifaransa, na wale wa kuanza zinawaita partants. Anselme aliacha shule mwaka wa nne wa primeri. Siku ya kuchagua akaniuliza: "Shemeji, partant njo nini?"

Nilijua ni mwenye kuanza. Nikamwambia ni mwenye kuondoka, mkataba wake unaisha. Neno lina maana zote mbili, nikampa ile iliyonifaa mimi.

"Mutu wa kuenda hauwezi kumutegemea," alisema. Katika hilo ananizidi elimu.

Akajaza timu yake waokota makombo. Mimi nikachukua partants sita, nikawapanga kila mmoja na siku yake, maana akirusha leo atapumzika siku nne. Binamu zangu wakamwita Anselme Muzee wa Makombo. Nilicheka kuliko wote. Yeye husoma utani wao kwa kidole, neno kwa neno, halafu anacheka na sisi.

Mungu si Athumani. Wawili wangu wameumia viwiko, alama zimekauka. Zimebaki wiki mbili: mimi wa saba, Anselme wa nane, na amenikaribia, kwa sababu mmoja wa makombo yake, yule anayeingia kufunga mechi, amewaka moto mwezi mzima. Wiki hii yote nimemwombea huyo mrushaji mabaya. Mtu wa watu, sijawahi hata kuuona uso wake.

Asubuhi hii Anselme ameniletea chai, akakaa kwenye kiti cha plastiki na simu yake mkononi.

"Shemeji, nimeangalia ekipe yako. Batu yako yote ni partants. Bakienda, utabakia na nani?"

Nikapuliza chai.

"Nimekuachia ule wangu wa kufunga. Ule haendi. Umukamate mbio, mbele ya mutu mwingine kumuona."

Nikafungua simu. Kweli alikuwa amemtoa. Jina lilikuwa pale, halina mwenyewe.

"Na weye?" nikamuuliza. "Utakuwa wa mwisho, utatoka."

"Miye nilishazoea kutoka."

Nilikuwa na kikombe mkono mmoja. Kwa mkono mwingine nikabonyeza, nikamchukua.

Kaka ameandika muda si mrefu: hongera dada, unajua kujenga kikosi cha warushaji. Anselme ameisoma kwa kidole chake, akafurahi kama amesifiwa yeye. Sasa yuko nje kwenye mvua, anabadilisha pipa letu lililojaa.

Kesho padri anaungamisha kabla ya misa ya kwanza. Nitaenda misa ya pili.