Odi za Msichana wa Ghorofa ya Tisa

Jumanne usiku

Hata chai imenikataa. Fainali ya mashindano ya uimbaji ilirekodiwa hapa hotelini Uarabuni wikendi, na TV itaionyesha wiki ijayo. Sisi wa kusafisha vyumba tulionywa: atakayesema nani ameshinda, khalas, kazi imeisha, anarudishwa kwao. Nilipokuta kombe kwenye kitanda cha mshiriki mmoja, yule msichana wa ghorofa ya tisa, nilimwambia mume wangu tu.

Leo amenipigia kutoka Nakuru akicheka. Kampuni tatu za kamari zimeshusha odi za huyo msichana: akishinda, shilingi moja ilikuwa inalipa tisa, sasa ni mbili. Ya nne bado imelala kwenye tisa.

"Mama Brayo, hapo ndipo pesa iko! Nitumie kitu niweke kabla hawajaamka."

Yeye anaona ile tisa. Mimi naona zile mbili. Odi hazishuki hivyo bila watu kumwaga pesa, na watu hao wameambiwa na mtu.

"Baba Brayo, umemwambia nani?"

"Hakuna mtu. Kinyozi tu."

Kinyozi!

Sasa hivi madam, msimamizi wetu, ametuma ujumbe. Asubuhi anawataka waliosafisha chumba hicho. Tuko wawili, mimi na Grace. Mwenzangu amelala hapo kitanda cha juu, hajui lolote.