Neno la Siri la Watu Wawili

Jumatatu, 3 Machi

Wifi, mdogo wake baba watoto, kaja na mkoba wake wa bisibisi, kanivurugia asubuhi nzima. Yeye ndiye fundi kompyuta wa kliniki. Mimi ndiye niliyemleta hapa miaka minne iliyopita, kwa hiyo nikilalamika najilalamikia mwenyewe.

Kabadilisha kompyuta ya mapokezi na ya dirisha la dawa. Programu zote za zamani nje! Kaweka hizo anazoziita huria. Hazina leseni ya kulipia, kila anayetaka anaweza kuona zilivyoandikwa ndani, na mwenye ujuzi anaruhusiwa kuzirekebisha. Mfamasia kafurahi, anasema mashine imekuwa nyepesi kama mpya.

Ya kwangu, ya chumba cha kumbukumbu, nimekataa isiguswe. Mafaili yote ya wagonjwa wa moyo yamo humu, na nimeshazoea. Napajua pa kubonyeza hata nikifumba macho. Wifi kacheka. "Wifi yangu, hiyo programu yenyewe hamkuinunua. Mtu aliivunja kufuli akawagawia. Mnamjua ni nani?" Simjui. Ilikuja kwenye diski kabla yeye hajaja hapa, ikafanya kazi, basi.

Kaniachia masharti mawili. La kwanza, neno la siri la chumba cha kumbukumbu tulijue mimi na yeye tu. La pili, ile diski ya akiba, yenye nakala za mafaili yote, niichomoe kila jioni. Iko chini ya meza, nyuma kabisa ukutani. Kuifikia lazima nipige magoti, na goti langu la kulia halitaki mchezo.

Jumatano, 5 Machi

Siku ya vipimo. Foleni imefika mlango wa nje. Saa nne imeili kutoka kwa wenye programu: leseni inaisha leo, niingize jina na neno la siri, la sivyo mafaili yatafungwa. Nembo ni ileile. Nimejaza haraka, wakashukuru. Printa imekwama mara mbili. Miguu imevimba.

Ijumaa, 7 Machi

Sijui nianzie wapi.

Nimewasha kompyuta asubuhi. Mafaili yapo, lakini majina ya wagonjwa hayapo. Kila faili limekuwa herufi zisizosomeka. Halafu kioo kikawa cheusi, na maandishi meupe katikati: tumefunga kila kitu, lipeni ndani ya siku kumi, vinginevyo hamtayaona tena.

Nimempigia wifi. Kaja mbio, hata salamu hakunipa, kachomoa waya wa intaneti ukutani. Kisha kaniuliza, polepole, kama mtu anayeogopa jibu: "Diski ya akiba?"

Sote wawili tumeangalia chini ya meza. Kitaa chake cha kijani kinapepesa. Sikuichomoa hata jioni moja. Nayo imefungwa.

Watu hawa wa foleni si wa mafua. Wanakunywa dawa ya kuizuia damu isigande. Kila mmoja ana kipimo chake: kikizidi anavuja, kikipungua damu inaganda, unamkuta kapooza. Na kipimo kinabadilika kila anapopimwa. Nani anakumbuka? Vilikuwa kwenye faili.

Daktari kaanza kuwauliza kwa mdomo. Mwalimu mstaafu, yule mrefu wa fimbo, kajibu kwa sauti ya darasani: "Viwili, daktari. Viwili kila siku." Kwa uhakika kabisa. Daktari kaandika viwili.

Jumamosi, 8 Machi

Nilikuwa nafua. Nimekumbuka ile imeili ya Jumatano, nguo ikanitoka mkononi.

Leseni gani? Hatujawahi kuwa na leseni!

Jumatatu, 10 Machi

Kompyuta mbili alizozibadilisha wifi ni nzima. Hazikuguswa. Ile ya dirisha la dawa ina orodha ya kila kidonge kilichotoka tangu mwaka juzi, maana wifi aliihamisha yote kabla ya kubadilisha. Tumekaa watatu — mimi, yeye, mfamasia — tukinakili kwenye kadi za karatasi. Jina, tarehe, vidonge vingapi. Mfamasia anasoma, sisi tunaandika. Mkono umekufa ganzi lakini kadi zimejaa makasha matatu.

Wanaonunua dawa nje hawamo.

Saa saba wifi kakataa chakula. Kaniuliza bila kuinua kichwa kutoka kwenye kadi: kuna imeili yoyote ya ajabu uliyoifungua wiki iliyopita?

Nimesema zinakuja nyingi.

Kasema, "Haya." Kaendelea kuandika.

Mbona nimejibu vile? Neno lilikuwa limefika mdomoni kabisa. Nikalimeza kama kidonge.

Jumatano, 12 Machi

Mwalimu mstaafu kaletwa na mkewe na jirani, shati zima damu. Ya puani, tangu alfajiri, haikatiki. Na mapaja yana madoa meusi kama mtu aliyepigwa. Dawa yake ananunua nje. Mkewe kaja na kikopo tupu, na kwenye karatasi ya kikopo imeandikwa: kimoja. Viwili vilikuwa vya zamani, kabla daktari hajampunguzia mwezi wa kumi na moja. Ningekuwa na faili ningeona kwa sekunde mbili.

Kapelekwa hospitali kubwa kwa gari la wagonjwa. Alipopita mlangoni pangu kanipungia. Kanipungia!

Sijaweza kula.

Alhamisi, 13 Machi

Kikao. Mkurugenzi, daktari, sista mkuu, mfamasia, wifi, mimi.

Mkurugenzi alikuja na jibu lake mfukoni. Wiki hiyohiyo fundi anaweka programu za bure, wiki hiyohiyo tunaibiwa. Mnataka niamini ni bahati mbaya? Programu ambayo kila mpita njia anaweza kuchungulia ndani yake! Hiyo ni nyumba isiyo na ukuta.

Wifi kamsikiliza hadi mwisho. Kisha kasema, bila kupandisha sauti, "Mzee, zilizopona ni hizohizo mbili. Iliyoingiliwa ni ile ya zamani."

"Kwa hiyo kuonekana ndani si hatari?"

"Kufuli la mlango wako, mafundi wote wanajua linavyotengenezwa. Ndiyo maana likiwa bovu watasema, na watalirekebisha. Siri haiko kwenye kufuli, iko kwenye ufunguo. Hii yetu ya wizi hakuna aliyewahi kuikagua, na hakuna wa kumuuliza."

Sista mkuu kaitikia kwa kichwa kama aliyeelewa. Nikaona kuna nafuu. Halafu mkurugenzi kauliza, na ufunguo wa chumba cha kumbukumbu wanao akina nani?

Wifi kajibu, "Watu wawili."

Mkurugenzi kanigeukia, katabasamu. Kasema mama huyu ana miaka kumi na tisa hapa, hajawahi kupoteza hata kadi moja. Akaishia hapo. Hakuhitaji kuendelea. Vichwa vyote vikamgeukia wifi.

Nilikuwa na nafasi. Ndefu tu. Mfamasia alikohoa, feni ikazunguka, mtu akaburuta kiti. Nikaangalia mikono yangu.

Wifi kaambiwa arudishe funguo za ofisi na aandike ripoti: mwizi aliingiaje, na kwa uzembe wa nani. Iwe mezani Jumatatu. Asipoeleweka, polisi.

Alipotoka alinipita. Nikajifanya natafuta miwani. Ilikuwa usoni.

Jumamosi, 15 Machi

Nimekwenda kumwona mwalimu. Damu imekata tangu jana. Wamempa ya kuongezewa, chupa mbili. Sauti imepungua lakini ulimi uleule. Kaniuliza kama nimemletea kitabu cha mahudhurio. Ataishi, wamesema. Mkono wa kushoto una alama nyeusi hadi kwenye kiwiko.

Mkewe kanisindikiza hadi kwenye ngazi. Kanishika mikono yote miwili. Asante mama, amesema, watu wote wa pale tunajua ni wewe uliyekesha na zile kadi, Mungu akulipe.

Nimeteremka ngazi.

Jumapili, 16 Machi

Wifi huja kula kwetu kila Jumapili. Nilidhani leo hatakuja. Kaja saa saba kamili, na matunda kwenye mfuko kama kawaida.

Baba watoto hakumpa hata nafasi ya kuvua viatu. Ni kaka yake mkubwa, huwa anamwita Kidole kwa sababu ndiye wa mwisho kwao. Leo kamwita kwa jina kamili. Kaongea hadi majirani walinyamaza. Mke wangu alikuingiza pale kwa heshima yake! Miaka kumi na tisa ya jina safi! Sasa nikipita barabarani watu wananiuliza dada yako kawauzia wezi kwa kiasi gani. Umetuaibisha. Hata marehemu mama umemwaibisha.

Mimi nilikuwa nimesimama na bakuli la mchuzi.

Wifi hakujitetea. Kamwangalia kaka yake, kaniangalia mimi, kisha kaangalia sahani. Mwanangu wa kike kasema, "Baba, shangazi hajasema kama ni yeye." Kaambiwa anyamaze, mambo ya wakubwa. Bakuli likaniunguza vidole ndipo nikakumbuka kuliweka chini.

Hakula. Nimemsindikiza hadi getini. Ndipo aliposema.

Kasema kompyuta huandika kila anayeingia, hata mwizi hajui kufuta vizuri. Jumatano saa nne na dakika ishirini mtu wa mbali aliingia kwa neno la siri la chumba cha kumbukumbu. Hakubahatisha. Aliandika mara moja, likakubali. Dakika sita kabla yake, kompyuta yangu ilifungua ukurasa ambao si wa wenye programu. Herufi moja tu ya anwani ilikuwa tofauti.

"Umejua tangu lini?" Nimeuliza.

"Tangu Jumatatu, wifi. Kabla sijakuuliza."

Wiki nzima! Kikao chote. Na leo, mbele ya kaka yake.

Nimemuuliza kwa nini hakusema. Kasema angesema, nani angemwamini? Fundi anayetaka kujiokoa. Kisha kasema tena, taratibu zaidi, kwamba si hiyo tu. Alipokuja mjini hana kazi alilala chumba cha watoto wangu mwaka mzima na sikuwahi kumuuliza atahama lini. Hawezi kuniandika yeye. Ripoti imekwisha, ina kila kitu, saa na dakika. Isipokuwa kwenye jina la aliyetoa neno la siri kaacha mstari mtupu.

Kanipa bahasha. Kasema karatasi zote za mkurugenzi si zinapitia kwako? Basi ipitie.

Kaondoka kwa miguu. Hakugeuka.

Baba watoto kaniuliza, amekiri? Nimesema kichwa kinaniuma. Nimelala nikiwa nimevaa.

Jumatatu, 17 Machi

Naandika kwenye benchi, nje ya ofisi ya mkurugenzi. Daftari juu ya bahasha, bahasha juu ya mapaja. Mlinzi wa mlangoni anadhani nafanya kazi.

Nimeisoma ripoti yote. Kurasa nne. Haina neno baya hata moja juu yangu. Imeandikwa "mtumishi alidanganywa", si "mtumishi alizembea". Imeandikwa diski ya akiba iliwekwa mahali pagumu kufikika, na hilo ni kosa la fundi. La fundi! Mwishoni anaomba kompyuta ya kumbukumbu nayo iwekewe programu huria, na watumishi wafundishwe kukagua anwani ya imeili kabla ya kujaza chochote, "kwa sababu mtu yeyote mwenye haraka anaweza kudanganywa". Ndipo mstari mtupu, kama dole gumba moja urefu wake.

Nahesabu nitakachopoteza. Kazi, huenda. Jina, hakika. Yule mama wa kwenye ngazi. Baba watoto, sijui atanitazamaje baada ya yale aliyomwambia dada yake mbele yangu nikiwa kimya.

Ningeweza kuipeleka hivihivi. Mkurugenzi angeujaza mwenyewe, na najua angeandika nani. Nisingekuwa nimesema uongo hata neno moja. Hilo ndilo lililonitisha asubuhi hii nikiwa napiga mswaki: jinsi lilivyo rahisi.

Nimetoa kalamu. Nimeandika jina langu la kwanza. Mwandiko umepinda.

Wifi kafika. Kakaa mwisho wa benchi, magauni yetu hayagusani. Kavaa viatu vya harusini, maskini, kama anakwenda mahakamani. Macho mekundu.

Karani katoa kichwa: mzee yuko tayari, anamtaka fundi peke yake, na ripoti yake.

Wifi ananyoosha mkono kuichukua bahasha. Nimeiwekea kiganja juu. Kasema, "Wifi, nipe." Nimesema bado. Karani anauliza kuna nini. Jina la baba yangu bado sijaandika. Wifi ameanza kusimama, nimemshika gauni kwa mkono wa kushoto, na huu wa kulia unaliacha daftari, unarudi kwenye ule mstari.