Kaburi Lako Kule Kabuchai

Kitale,
9 Juni 2025.

Mpendwa wifi yangu Nakhumicha,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mimi ambaye hujanijua bado, Peris, mke wa kaka yako Hesbon. U mzima huko Lodwar? Joto linakuachia upumue japo kidogo? Sisi hatujambo, mvua inanyesha vizuri na mahindi yamefika kiunoni.

Barua hii anakuletea Jepkemboi, yule dada anayesaidia watu waliopotezana wakati wa vita vya mlimani. Ametuambia umekataa kurudi nyumbani kwa sababu umesikia wewe na Hesbon mlishazikwa. Wifi, ni kweli. Nimeona kwa macho yangu, na bado nakuomba uje.

Kwanza nikuambie habari za kaka yako, maana siwezi kunyamaza. Tulioana mwezi wa nne. Akiingia na vumbi lake la kazi, mimi husahau sufuria jikoni, na ugali ulioungua anaula akisema ni mtamu. Siku ya harusi, upande wake kanisani alikaa mtu mmoja tu, Mama Sabiha, mwenye duka la vitambaa karibu na msikiti, aliyemwokota akiwa mtoto na kumlea. Mabenchi yale matupu yalinikaa rohoni. Ndipo tukamtafuta Jepkemboi.

Aliwapata Mama yenu na baba yenu mdogo Wekoye huko Kabuchai, walikohamia baada ya vita. Tulienda na sukari na leso, mimi nimejipamba kama bibi harusi nilivyo. Tulipofika, watoto walimtazama Hesbon usoni wakakimbia. Hakuna aliyefungua geti. Mama alisimama ndani, mikono nyuma, akamwuliza polepole, "Wewe ni nani umevaa uso wa mtoto wangu?"

Walikuwa wamengoja miaka mingi, wazee wakaamua mzikwe bila miili. Kila mmoja alizikiwa shina la mgomba lililofungwa shuka. La Hesbon liliota. Tulikuta kichaka cha ndizi juu ya jina lake, na ndizi zake hakuna aliyekuwa akizila. Hata ndege sikuwaona wakizigusa.

Wazee walisema aliyezikwa hapiti getini. Wakakata ua nyuma ya nyumba, akaingia kinyumenyume, akapewa jembe ajifukue mwenyewe. Baba Wekoye akasema, "Si marehemu ana nguvu, bana. Tungemzika na jembe lake." Watu walicheka, lakini hakuna aliyemkaribia. Kila jembe lilipoingia ardhini Hesbon alikohoa, kama mtu mwenye udongo kooni. Alipoifikia shuka ilikuwa nyeupe, haijaoza. Kikohozi kikakatika ghafla, na mimi nikahisi tayari nimekuwa mjane. Kisha Mama akaja, akamshika masikio yote mawili, akamwita jina lake.

Tangu siku hiyo amenenepa, wifi. Asubuhi naweka sikio kifuani pake nisikie moyo, naye ananicheka.

Kaburi lako liko pembeni. Halijaota kitu, hata nyasi. Tangu Jepkemboi atutumie picha yako kwenye simu, udongo pale unatitia kidogo kidogo. Mama aliona kwanza, sasa na mimi naona kila tunapowatembelea. Jumapili iliyopita Baba Wekoye alichukua jembe akufukulie, yaishe. Mama akamnyang'anya. "Ukiutoa huo mgomba na yeye asije," akamwambia, "mimi nitabaki na nini?"

Kwa hiyo ua wa nyuma haujazibwa. Najua unaogopa. Mimi nitasimama upande wa ndani nikushike mkono, hata wengine wakisimama mbali.

Mume wangu mpenzi anakusalimu, tena sana. Baba Wekoye na Mama Sabiha wanakusalimu pia. Mama peke yake hajatuma salamu. Anasema huwezi kumsalimia mtu aliye udongoni, na kila jioni anakaa pale akingoja utoke.

Mungu akufunike njiani mpaka ufike.

Akupendaye kabla ya kukuona,
wifi yako,
Peris.