Uzi Mnene Umelegezwa

Jumanne, 4 Machi

Mpwa wangu amekuja na suti mpya na habari mbaya. Yeye ndiye meneja wa mama yake, yaani mdogo wangu, mwimbaji. Jumamosi mama anapewa tuzo kwa miaka yote ya kuimba na kutetea watu — na mfadhili ni mwenye kiwanda cha ngozi! Kiwanda kilekile kilichoua mto wetu. Kwa hiyo wimbo wa mto usiimbwe. Mama kakubali, anasema, na mimi mjomba kazi yangu ni nyuzi za gitaa, si siasa. Nilimpa chai. Hakunywa. Afadhali.

Alhamisi, 6 Machi

Nieleze, ingawa najieleza mwenyewe. Mdogo wangu hupanda jukwaani na magitaa mawili, na ninayeyatyuni ni mimi, tangu enzi za kuimba kwenye mikutano ya wafanyakazi. La pili ni la wimbo wa mto peke yake: uzi mnene unalegezwa mpaka ungurume, kama kitu kinachopita chini ya sakafu. Wimbo huo ndio uliompa jina. Ndio uliompeleka jela pia. Nyimbo nyingine ukizipiga kwa gitaa hilo zinasikika kama redio mbovu.

Leo mazoezini gitaa la pili halikuwepo. Mpwa kalifungia kwenye gari lake. Mdogo wangu alikuwa anapaka vidole mafuta, hakuniangalia. Nikamuuliza kina mama wa mtoni, wale aliowatungia wimbo ule, wanakuja Jumamosi kusikiliza nini.

"Kaka, nimechoka kugombana. Niache nizeeke."

"Zeeka. Lakini usizeekee mapajani mwa yule mwenye kiwanda."

Akanifukuza chumbani. Hajawahi.

Ijumaa, 7 Machi

Hatusemezani. Mke wangu anasema tumenuniana kama watoto walionyang'anyana kijiko. Sikucheka.

Jumamosi, 8 Machi, alasiri

Naandika juu ya sanduku la spika, kando ya jukwaa. Mfadhili yuko mbele, kakunja nne. Kina mama wa mtoni wamewekwa nyuma kabisa, hawapigi makofi. Mpwa kapita akinitania kwamba leo kazi nyepesi, gitaa moja tu. Ndiyo, nikamjibu, moja tu.

Hilo moja nimelilegeza uzi mnene. Akitaka kuimba wimbo wa mapenzi aliopangiwa na mwanawe, itambidi aukaze mbele ya watu wote, na wanaomjua watajua anakataa nini. Ni hila, najua. Leo sina huruma naye.

Amepanda. Kapokea tuzo, kaiweka sakafuni. Kavaa gitaa. Kagusa uzi mnene — ukanguruma! Kule nyuma mama mmoja kasimama. Halafu wa pili. Mpwa anakuja upande huu, suti inambana. Mdogo wangu hamtazami. Ananitazama mimi, kwa chuki ambayo sijapata kuiona machoni mwake. Mkono umeshika kigingi cha kukazia uzi. Haujakizungusha —